Shibiri Moja ya Ziada

Usiku wa Jumanne, kwenye paa la zege la nyumba yetu, Wete,
nilimpoteza Zohali kwa mguu wangu mwenyewe.
Pete zake zilishakaa sawa kwenye kioo,
nyembamba kama ukingo wa kikombe cha kahawa.
Nikarudi nyuma hatua moja kumwita Mkasi aone,
kidole gumba kikanasa kwenye waya wa mota,
darubini ikatikisika, ikainamisha kichwa,
na Mkasi alipotia jicho akauona mnara wa simu.

"Mzuri," akasema. "Una taa nyekundu."

Nyaya nne, kila mmoja mita mbili:
wa mota niliyoinyofoa kwenye printa mbovu,
wa feni inayopoza kioo,
wa mkanda wa joto unaofukuza umande
(umande wa Pemba haupigi hodi),
na wa taa ndogo niliyoivika kitambaa chekundu.
Zote zashuka kwenye betri ya pikipiki ya Faki,
zimesokotana kama utumbo wa kuku siku ya Idi.

Asubuhi nikakaa chini na koleo na pasi ya kulehemia.
Redio za watu zilipanga foleni rafuni,
mwenye ile ya Konde alishapiga simu mara mbili.
Nikapima kwa shibiri, maana futi ya chuma aliiazima Hamad Shaame,
na Hamad akiazima huwa amerithi.
Kutoka betri hadi goti la stendi, shibiri tatu.
Kutoka goti hadi shingo, mbili na vidole vinne.

Nikakata.

Kukata kuna utamu wake:
ganda jekundu linavuliwa, shaba inachungulia
safi, kama haijawahi kufanya kazi;
lehemu inayeyuka, inanywea, moshi unakupanda puani
na wewe unavuta tu.
Nikafunga kwa ukili, si kwa plastiki.
Plastiki jua huikausha ikakatika,
ukili wa Bi Riziki hubaki hata mkeka ukifa.

Alasiri ilipofika, darubini ilikuwa na adabu.
Waya umelala ubavuni mwa bomba kama mshono wa kofia.
Nikajisifu peke yangu,
kisha nikamwita Mkasi ili tunisifu wawili.
Akaizunguka, mikono nyuma, kama mkaguzi wa karafuu.
"Na ikigeuka?"

Sikumjibu.
Mtu na jina lake; huyu makato anayajua.

Baada ya Isha Zohali akapanda mashariki, mota ikamfuata,
waya umetulia, mguu wangu huru, mimi mfalme.
Alipofika utosini, ikabidi bomba lipinduke lielekee magharibi.
Likaanza kupinduka.
Waya ukakaza. Ukalia *tii*.
Ukachomoka na kizibo chake.

Nilikuwa nimeipima darubini iliyolala.
Sikuipima darubini inayotazama.

Kwenye kopo la maziwa mlikuwa na vipande nilivyovikata,
vitatu tu, kimoja kilishakwenda kwenye redio ya Konde.
Nikachukua kirefu chao, nikaunga pale shingoni,
Mkasi ameshika tochi, amenyamaza
kile kimya chake cha nlikwambia.
Kiungo kikavimba kama kifundo kilichoteguka.
Chini yake nikaacha kitanzi, shibiri nzima,
kama mama anavyoacha upindo kwenye sare ya shule:
mtoto atarefuka.

Hapo ndipo umeme wa Wete ulipokatika.
"Aaah!" likatoka nyumba hadi nyumba, mpaka bondeni,
na mnara wa simu ukafumba jicho lake.
Mota yetu ikaendelea kunung'unika kwa betri ya Faki.
Kitanzi kikafunguka polepole, kikajikunja tena,
bomba likapita.

Mkasi akatazama muda mrefu kuliko nilivyozoea watu kutazama.
Hakusema mzuri.
Halafu akarudi nyuma hatua moja kunipisha,
gizani, bila kuangalia chini,
na mguu wake haukukuta kitu.